Sare ya wapambe isiwe kodi ya urafiki

 

Ndugu msomaji, kila unapoingia mwezi wa Shaaban, na kila inapomalizika Idi el-Fitri, vyerehani vya mafundi wa Daraja Mbili, jijini Arusha, huwa havipumziki. Waislamu wengi hupenda kufunga ndoa kabla ya mfungo au mara baada yake. Kwa hiyo vitambaa vinavyonunuliwa katika maduka yaliyo jirani na Soko Kuu huishia mezani kwa fundi wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe, vikiwa na jina la bibi harusi mmoja na vipimo vya mabinti sita, wanane au hata kumi na wawili. Hao ndio wapambe, yaani marafiki na jamaa wa bibi harusi watakaomsindikiza, watakaokaa naye na watakaopigwa naye picha, wote wakiwa wamevaa sare moja.

Mtu akilitazama jambo hili kwa haraka, ataliona ni dogo mno kustahiki kuzungumzwa siku tukufu ya Ijumaa. Atasema ni rangi tu na mshono tu, na kwamba hayo ni mambo ya akina mama na mabinti zao. Sisi tunaona kuwa si dogo hata kidogo. Ndani yake imo haki ya rafiki kwa rafiki yake, imo mali ya mtu asiye na kitu, imo stara ya mwanamke wa Kiislamu, na imo heshima ya ndoa yenyewe. Na neno letu la leo ni moja: nguo ya wapambe ichaguliwe kwa kumtazama yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika kundi, na anayeitaka sare ndiye aigharimie.

Mambo yanavyokwenda

Binti akishaposwa na siku ikishapangwa, huwaita marafiki zake. Mmoja wao hutoa simu na kuonyesha picha ya harusi ya watu wengine, aghalabu ya mji wa mbali na ya watu wenye kipato kingine kabisa. Rangi huchaguliwa, mshono huchaguliwa, na viatu huchaguliwa ili vifanane. Kisha husemwa lile neno jepesi la kwamba kila mmoja atajigharimia. Hakuna anayepinga. Wote hucheka, wote hupiga vigelegele, na kikao huvunjika.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya duka lolote bali ni wa kupimia tu. Tuseme kitambaa ni mita nne kwa shilingi 10,000 kila mita, sawa na shilingi 40,000. Fundi atataka shilingi 30,000, viatu shilingi 25,000, mtandio shilingi 5,000, na hina na mapambo mengine shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 120,000 kwa mpambe mmoja, na kwa wapambe wanane ni shilingi 960,000. Sasa mfikirie binti anayeuza mboga au maandazi, ambaye akishatoa mtaji hubakiwa na shilingi 5,000 kwa siku. Nguo ile itamgharimu faida ya siku 24, na katika siku hizo asile, asilipe kodi ya chumba, wala asimpelekee mama yake chochote. Na hapo bado hajatoa mchango wa harusi ulioandikwa kwenye kadi, wala hajanunua zawadi.

Binti huyu hatasema kitu pale kikaoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya mfuko wake anaijua yeye na Mola wake. Akirudi nyumbani hukabiliwa na njia tatu, na zote ni mbaya. Ya kwanza ni kukopa, na siku hizi wakopeshaji wa mitaani ni wengi, wenye ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ya pili ni kumwendea mtu ambaye msaada wake una masharti, nasi hatuna haja ya kueleza zaidi, kwani kila mzazi anaelewa. Ya tatu ni kutunga udhuru. Atasema amepata safari ya ghafla ya Babati, au atasema anaumwa. Bibi harusi atasikitika, kisha atashuku, na mwishowe ataambiwa na wapambe waliobaki kwamba rafiki yake ana kijicho. Urafiki wa tangu madrasa utakuwa umekatika kwa mita nne za kitambaa.

Ndiyo maana tunasema kwamba sare ya namna hii imegeuka kuwa kodi. Asiyeilipa haruhusiwi kusimama karibu na mtu anayempenda.

Ndoa inahitaji nini?

Ni vyema tukumbushane yale ambayo sheria ya dini yetu imeyaweka. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wamezitaja nguzo tano za ndoa: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke. Walima ni sunna iliyotiliwa mkazo. Ukizihesabu nguzo hizo mara mia moja, hutamkuta mpambe hata mmoja, wala hutaikuta rangi ya zambarau.

Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari na Imamu Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.), mtu mmoja aliomba kuozeshwa mwanamke aliyekuwa amekuja kwa Mtume (S.A.W.). Akaulizwa ana nini cha kumpa, akasema hana kitu. Akaambiwa atafute japo pete ya chuma, naye hakuipata. Hakuwa na chochote isipokuwa ile shuka aliyoivaa, na Mtume akamzindua kwamba akimpa mwanamke shuka hiyo, yeye mwenyewe atabaki bila nguo. Mwisho akaozeshwa kwa sura za Qur'ani alizokuwa amezihifadhi. Tuizingatie vizuri hadithi hii. Bwana harusi yule alikuwa na nguo moja tu duniani, na kukosa nguo ya pili hakukumzuia kuoa. Vipi leo kukosa nguo ya nane kumzuie binti kumsindikiza rafiki yake?

Hata hivyo, hatusemi kwamba furaha imekatazwa. Dini yetu si dini ya kununa. Bibi Aisha (R.A.) aliposhughulikia harusi ya mwanamke mmoja aliyeolewa na mtu wa Ansari, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama kulikuwa na burudani, kwa kuwa Maansari walikuwa wakiipenda. Na Bibi Aisha mwenyewe amesimulia kwamba siku alipopelekwa kwa mumewe aliwakuta wanawake wa Kiansari ndani ya nyumba wakimtakia kheri na baraka, nao ndio waliomtengeneza. Kwa hiyo wanawake kumzunguka bibi harusi, kumpamba na kumwombea dua ni jambo lenye asili njema. Tunalolizungumzia hapa ni lile lililoongezwa juu yake, nalo ni bei ya kuingilia.

Sare imetoka wapi?

Watu wetu hawakuanza leo kuvaa sare. Tangu kanga ilipoenea Zanzibar, Mombasa na pwani yote katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wamekuwa wakinunua doti za aina moja kwa ajili ya harusi na maulidi. Uzuri wa kanga ni kwamba haikufa pamoja na sherehe. Ilirudi nyumbani, ikafungwa kiunoni wakati wa kupika, ikabebewa mtoto, ikajifunikwa wakati wa kusali, na ikaazimwa na jirani. Ilikuwa ni sare kwa siku moja na nguo kwa miaka.

Lakini hata huko pwani sare iliwahi kuharibika. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa na Lamu, katika karne ya 20, vilishindana kwa mavazi na karamu, kila chama kikitaka kukipita kingine, na mashindano hayo yaligharimu fedha nyingi. Kitu kilichoanzishwa ili kuwaunganisha wanawake kikawa kipimo cha kujua nani anacho na nani hana. Nguo iliyowafananisha watu wa chama kimoja ndiyo hiyo hiyo iliyowatenga wasioweza kuinunua.

Ama hii desturi ya mabinti wengi waliovaa magauni ya namna moja nyuma ya bibi harusi aliyevaa shela jeupe, umaarufu wake duniani ulikuzwa sana na harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa London tarehe 10 Februari 1840. Siku hiyo mabinti 12 wa makabaila waliibeba ncha ndefu ya gauni lake, nao walivaa nyeupe. Hatuitaji habari hii ili kusema kwamba kila kilichotoka Ulaya ni haramu, kwani mavazi ni katika mambo ya kawaida ambayo asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Tunaitaja ili ieleweke kwamba desturi iliyofaa katika jumba la kifalme, ambako kila mpambe alikuwa binti wa tajiri, sasa inafuatwa katika nyumba ya kupanga ya Daraja Mbili, ambako familia nne hutumia uwanja mmoja na bomba moja la maji. Anayeliiga vazi hana budi kukumbuka pia mfuko wa yule anayemwiga.

Nguo ya dirhamu tano

Wahenga wetu wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni methali ya hekima, na makusudio yake ni kumhimiza mtu ajitegemee. Lakini baadhi yetu tumeifanya hoja ya kuona haya kuazima, hata pale ambapo kuazima ni sunna ya wema. Hebu tuitazame Madina ya wakati wa Mtume (S.A.W.).

Imamu Bukhari amepokea katika Sahihi yake, katika mlango unaohusu kumwazimia bibi harusi nguo, kwamba mtu mmoja aliingia kwa Bibi Aisha (R.A.) akamkuta amevaa kanzu ya kitambaa kigumu yenye thamani ya dirhamu tano. Bibi Aisha akamwonyesha mjakazi wake na kueleza kwamba mjakazi huyo anaona haya kuivaa nguo ile hata ndani ya nyumba. Kisha akasema kuwa wakati wa Mtume alikuwa na kanzu ya namna hiyo, na hapakuwa na mwanamke aliyetaka kupambwa Madina isipokuwa alituma kwake kuiazima.

Tunawaomba akina mama na mabinti wasiipite habari hii haraka. Mji mzima wa waumini, ambamo walikuwamo mabinti wa masahaba watukufu, ulipamba maharusi wake kwa kanzu moja ya dirhamu tano. Ilitoka katika nyumba ya Mtume, ikaenda kwa bibi harusi, ikarudi, ikaenda kwa mwingine. Aliyeivaa leo alijua kwamba fulani aliivaa jana, wala hakuona haya. Nguo ile ilikuwa sare ya kweli, kwa sababu iliwafananisha tajiri na masikini mbele ya siku yao ya furaha. Na mabadiliko ambayo Bibi Aisha aliyaona katika uhai wake, ya watu kuidharau nguo waliyoiona fahari jana, ndiyo hayo hayo tunayoyaona katika mitaa yetu.

Ipo na hadithi ya pili, nayo inahusu Idi. Ummu Atiyya (R.A.) ameeleza kwamba wanawake waliamrishwa kutoka kwenda kushuhudia kheri na dua ya Waislamu siku za Idi mbili. Mmoja akauliza afanyeje yule asiye na jilbabu. Jibu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba mwenzake amvike katika jilbabu yake. Hakuambiwa abaki nyumbani mpaka atakapopata fedha, wala hakuambiwa akakope. Jukumu la nguo lilihamishwa kutoka kwa asiyenayo, likawekwa juu ya rafiki yake anayo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na mwenye kutafuta kanuni ya mavazi katika mkusanyiko wa Waislamu hatapata iliyo wazi zaidi kuliko hii.

Pamoja na hayo, Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha walima ambayo matajiri huitwa na masikini wakaachwa. Hatudai kwamba hukumu ya walima ndiyo hukumu ya sare, kwani kutoa hukumu ni kazi ya wanazuoni. Lakini maana yake inamtosha mwenye kuzingatia. Ikiwa sahani ya pilau inaharibika kwa sababu masikini amezuiwa asiifikie, je, haliharibiki kundi la wapambe ambalo masikini amezuiwa asiingie?

Hoja za wanaotetea

Wako watakaosema kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Ni kweli, na maneno hayo yamo katika hadithi sahihi iliyopokewa na Imamu Muslim. Lakini tuisome hadithi hiyo mpaka mwisho wake. Sahaba aliuliza kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, akajibiwa kwamba hilo si kiburi, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo mpaka umewekwa bayana. Uzuri unaruhusiwa hadi pale unapoanza kumdharau mtu. Vilevile Qur'ani, katika Suratul Aaraf aya ya 31, imewaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao, na hapo hapo ikawakataza kupita kiasi. Na aya ya 26 ya sura hiyo imetaja kazi za nguo, nazo ni kusitiri na kupamba, kisha ikasema kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora.

Wengine watasema kwamba harusi ni mara moja katika maisha. Basi na iwe hivyo, ingawa siku moja haina uwezo wa kuhalalisha deni la miezi sita. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea onyo kali kuhusu nguo ya umashuhuri, yaani ile inayovaliwa ili watu wageuze shingo, kwamba mwenye kuivaa duniani atavishwa na Mwenyezi Mungu nguo ya udhalili Siku ya Kiyama. Na Suratul Furqan aya ya 67 imewasifu waja wa Mwingi wa Rehema kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hukaa katikati.

Wapo pia wanaosema kwamba asiyeweza na aseme. Hoja hii husemwa na mtu ambaye hajawahi kukosa. Kijana wa miaka ishirini kusema mbele ya wenzake saba kwamba hana shilingi 120,000 ni jambo zito, na Uislamu haumlazimishi mtu kuutangaza ufukara wake ili apate haki ya kushiriki kheri. Anayealika ndiye mwenye wajibu wa kulifikiria hilo kabla ya kikao.

Stara na picha

Baada ya suala la mali, lipo suala la stara. Nguo ya mpambe wa Kiislamu inapimwa kwa vipimo vile vile vya nguo nyingine. Mahali penye wanaume wasio maharimu, isibane mwili, isionyeshe ngozi, na isiache wazi pasipostahiki kuachwa wazi. Mahali pa wanawake peke yao pana nafasi zaidi, na hakuna anayepinga. Lakini leo ukuta wa chumba cha wanawake umetobolewa na simu. Picha inayopigwa ndani saa nane mchana huwa imefika katika simu za wanaume wasiojulikana kabla ya Alasiri. Kwa hiyo ama nguo iwe ya stara kamili, ama simu zikusanywe mlangoni. Wako akina mama ambao huweka kapu mlangoni kwa ajili ya simu za wageni, na huo ni utaratibu mzuri unaofaa kuigwa.

Aidha, mitaa ya Daraja Mbili ni ya watu wa dini mbalimbali waliokaa pamoja kwa wema. Si ajabu bibi harusi wa Kiislamu akawa na rafiki Mkristo anayetaka kumsindikiza, na hilo ni jema. Gauni refu lenye mikono, la kitambaa kisichobana, humfaa huyu na yule bila ya mmoja kujiona mgeni.

Na tusisahau hali ya hewa ya kwetu. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na baridi ya mwezi Juni na Julai inaijua kila mtu. Kitambaa chepesi cha satini kilichochaguliwa kutoka katika picha ya mji wa joto kitawatetemesha mabinti jioni nzima. Vivyo hivyo, wakati wa masika gauni linaloburuza chini hurudi likiwa na tope hadi magotini, na halitavaliwa tena. Pamba au kitenge kizuri, kilichokatwa kiasi cha kutofika ardhini, huwafaa wavaaji na huishi muda mrefu.

Haki ya fundi

Yupo mtu mmoja ambaye hasahauliki wakati wa kushona ila husahauliwa wakati wa kulipa, naye ni fundi cherehani. Huletewa vitambaa wakati umekwisha, huambiwa akeshe, kisha huambiwa asubiri mpaka mahesabu ya kamati yafungwe. Ibn Majah amepokea agizo la kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sare iliyovaliwa ilhali fundi hajalipwa ni nguo iliyoshonwa kwa dhuluma, hata kama rangi yake inapendeza namna gani. Na fundi naye, akichukua fedha ya kutangulizia, atimize ahadi ya siku, wala asiwadanganye watu kwa kesho isiyofika.

Tufanye nini?

Hatupendi kukemea bila ya kuonyesha njia. Kwanza, bibi harusi au mama yake amuulize kila mpambe faraghani, mmoja baada ya mwingine, kabla ya rangi yoyote kutajwa mbele ya kundi. Kile kiwango kitakachotajwa na mwenye uwezo mdogo ndicho kiwe kiwango cha wote. Pili, ikiwa familia inataka sare iliyozidi kiwango hicho, basi familia iigharimie yote, si nusu. Na ikiwa haiwezi kuwagharimia wapambe wanane, iwagharimie watatu, au iache. Tatu, inatosha kuchagua rangi na kumwacha kila mmoja avae alichonacho katika rangi hiyo, na kumnunulia kila mmoja mtandio wa aina moja. Kwa mbali huonekana sare, na kwa mfuko huwa ni kitambaa kimoja kidogo.

Nne, mshono uwe ni wa nguo itakayovaliwa tena siku ya Idi, siku ya maulidi au kazini. Tano, asitwishwe bwana harusi sare za wapambe kana kwamba ni sehemu ya mahari. Vijana wengi wamechelewa kuoa kwa sababu ya orodha ndefu zilizoongezwa juu ya haki, na Suratun Nur aya ya 32 imetuhimiza tuwaozeshe wasio na wenzi, wala isiwe umasikini ni sababu ya kuwazuia.

Sita, na hili tunalielekeza kwa vikundi vya akina mama vya misikiti na madrasa, kuwe na sanduku la nguo za harusi. Magauni yaliyovaliwa mara moja yamejaa ndani ya masanduku na kabati za nyumba zetu yakiliwa na nondo. Yakikusanywa, yakafuliwa, yakapigwa pasi na kuandikwa katika daftari, wapambe wa mtaa mzima watavaa bila ya mtu kutoa shilingi, isipokuwa ile ya fundi ya kupunguza au kuongeza. Kazi hiyo haihitaji wafadhili wala ofisi. Inahitaji sanduku, daftari, na mwanamke mmoja mwaminifu. Na atakayeifanya atakuwa amehuisha sunna ya kanzu ya dirhamu tano.

Wito wetu

Tunawaomba maimamu na masheikh wanaoozesha wasiishie kuwaeleza maharusi haki za mume na mke peke yake, bali waseme na wazazi mapema, pale posa inapopokelewa, kuhusu gharama zinazowaangukia watu wengine. Tunawaomba wazazi, hasa akina mama na mashangazi, wasishindane kupitia mabinti zao. Na kwa mabinti wetu wanaojiandaa kuolewa tunasema haya: miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka kama nguo ilikuwa ya satini au ya pamba. Kitakachokumbukwa ni nani alikuwapo. Siku utakapojifungua, siku utakapouguliwa, siku utakapofiwa, atakayekuja kukukandia mgongo, kukuchotea maji na kukushika mkono ni yule rafiki, na hatakuja akiwa amevaa sare. Usimpoteze leo kwa ajili ya kitambaa.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aya ya 187 amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja akiwa vazi la mwenzake. Ikiwa ndoa yenyewe ni vazi la kusitiriana, haifai siku ya kuifunga iwe ndiyo siku ya kumvua mtu heshima yake. Tunamwomba Mola azibariki ndoa za vijana wetu, awape maharusi wetu mapenzi na huruma, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaovika wenzao, si wanaowavua.

Wabillahi Tawfiq.